Véronique na Gitaa Lisilosikika

Véronique Uwiringiyimana alikuwa na tatizo ambalo hakuna daktari wa kuliandikia dawa: alipiga gitaa asilolisikia.

Akiwa peke yake nyumbani kwake Gihundwe, alilisikia vizuri, hata ule mkwaruzo mdogo wa kidole kinapohama juu ya nyuzi. Lakini Jumamosi alasiri, akikaa na wenzake wanne wa kikundi katika darasa la matofali lenye paa la bati, gitaa lilimpotea. Aliuona mkono wake ukienda juu na chini. Aliziona nyuzi zikitetemeka. Sauti haikuja. Ilikuwa kama kuongea katikati ya soko la Kamembe siku limejaa: mdomo wako unacheza, na hata wewe mwenyewe hujui umesema nini.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili. Ng'ambo ya mto Rusizi vita vya Kongo vilikuwa bado havijachoka. Siku nyingine watu wa Kamembe, upande huu wa mpaka, walisikia milio ya bunduki kutoka upande wa Bukavu, wakageuza vichwa, kisha wakaendelea kupima vitambaa. Véronique alikuwa mmoja wa hao wapimaji. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na kazi yake ilikuwa kushona kwenye baraza moja karibu na soko, pamoja na mafundi wengine sita. Alizaliwa Nkungu, kwa wakulima. Mwaka wa tisini na nne alivuka kwenda Kongo na umati uliokimbia vita, na mwaka wa tisini na sita akarudi na umati, kichwa cha cherehani kichwani na gitaa mgongoni, amelifunga kwa kitenge. Kwenye foleni ya darajani mtu mmoja alimuuliza mbona huyo mtoto ana shingo ndefu hivyo. Véronique alicheka, na baadaye alizoea kusema kwamba hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza baada ya miezi mingi.

Gitaa lenyewe lilikuwa gitaa kavu, la mbao tupu, lisilo na waya wala umeme. Yote matatu ya kikundi yalikuwa hivyo. La kwanza lilikuwa la Rutayisire, mwalimu wa darasa la tano na kiongozi wao, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa darasa. La pili lilikuwa la mdogo wake, Harelimana. La tatu la Véronique. Kamali, fundi viatu, alipiga ngoma, na Mwavita, muuza vitenge, aliimba. Waliitwa kwenye harusi za mjini na za vilimani, na watu waliwapenda.

Sasa, kisa chenyewe kilianza kwenye harusi moja huko Nkungu. Wimbo wa kumwingiza bibi harusi ulianza kwa mwendo wa heshima, ukaisha kwa mwendo wa mtu aliyeona mvua inakuja. Bibi harusi alilazimika kulikusanya gauni lake mkononi ili miguu ipate nafasi. Kikundi kilipokata wimbo, gitaa la Véronique lilibaki peke yake, mipigo miwili mizima, kabla halijanyamaza. Wageni wakacheka. Shangazi yake mmoja, tena kwa sauti, akasema huyo amebaki kufunga mlango.

Jumamosi iliyofuata Rutayisire hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alitoa mkobani manyanga mapya, vibuyu viwili vyenye mbegu ndani, akaviweka juu ya dawati mbele ya Véronique.

"Maman Véro," alisema, "hauko mubaya. Lakini unabaki nyuma, na muntu mwenye kubaki nyuma anatuharibia bote. Harusi ya Muganza inabakia wiki tatu. Kama haitengenezeke, siku ile utashika hizi."

Manyanga si aibu kwa anayeyapenda. Véronique hakuyapenda. Halafu, Muganza ndiko alikofanya kazi mumewe, Hitimana, zamu kwa zamu kwenye kiwanda cha saruji, akirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Bwana harusi alikuwa wa zamu yake. Hitimana alikuwa amekwisha kuwatangazia wenzake wote, hadi madereva wa malori, kwamba mwanamke atakayewapigia gitaa siku ile ni mke wake. Sasa fikiria: watu wote hao wanakaza macho kutafuta gitaa, wanaona vibuyu.

Véronique akasema ukweli wake, kwamba anachelewa kwa sababu halisikii gitaa lake. Kamali akalaza kichwa juu ya ngoma kwa kicheko.

"Hata miye simusikiake bibi yangu," alisema, "na tuko na miaka kumi na mbili mu nyumba moja."

Mwavita akamjibu kwamba kwa habari hiyo anayestahili pole ni mke. Wote wakacheka, hata Rutayisire, na jambo likaonekana kama limekwisha. Kwa Véronique halikuwa limekwisha. Alikuwa mtu wa namna hiyo: kitambaa kikimshinda, hulala nacho, huamka nacho, mpaka kikubali.

Jambo la kwanza alilojaribu ni lile ambalo kila mtu angejaribu. Alikata kipande kigumu cha bidoni, dumu la plastiki la mafuta ya kupikia, akakichonga kama ukucha, akaja nacho Jumatano, kwenye zoezi la ziada kwa ajili ya harusi, kupigia nyuzi kwa nguvu. Harelimana, aliyekaa ubavuni pake, aliposikia jirani amezidi, naye akazidisha. Rutayisire hakukubali kuzidiwa na mdogo wake. Kamali naye hakuona kwa nini ngoma ishindwe na mbao. Mwavita ikabidi aimbe hadi mishipa ya shingo ikasimama. Wimbo ulipokwisha wote watano walikuwa wanatweta, na hakuna aliyejua amesikia nini. Kwenye wimbo wa pili uzi wa Véronique ulikatika, ukamchapa kifundo cha mkono.

"Ngoma ivumayo haidumu," Mwavita alimwambia, akimfunga mkono kwa kipande cha kanga.

Nyuzi za gitaa zilinunuliwa Bukavu. Wiki hiyo daraja lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyesema kwa nini, na hakuna aliyeuliza mara mbili. Basi Véronique akaenda kwa fundi baiskeli, akaomba kebo kuukuu ya breki, akaifumua, akachukua uzi mmoja mwembamba wa chuma na kuukaza kwenye gitaa. Uzi ulishika sauti. Ulimkata kidole pia, kile kile anachosukumia kitambaa chini ya sindano, na kwa siku nne alishona amekifunga plasta.

Jambo la pili, Jumamosi, lilikuwa ukuta. Aligundua kwamba akilivuta benchi hadi pembeni mwa darasa na kukaa akiutazama ukuta, sauti ya gitaa inagonga matofali na kumrudia usoni. Kwa wimbo mmoja mzima alifurahi kama mtu aliyepata barua. Kisha Rutayisire akamuuliza, kwa upole wa kiualimu ambao ni mbaya kuliko ukali, kama kule Muganza atakwenda na ukuta juu ya kichwa.

Alikuwa na haki. Harusi hufanyiwa uani, chini ya shitingi, turubai la plastiki. Hakuna ukuta.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne.

Jumatatu, kwenye baraza, cherehani saba zilikuwa zinakwenda kwa pamoja. Kelele za cherehani saba ni kama mvua ya mawe. Katikati ya mvua hiyo Véronique aliondoa mguu kwenye pedali ghafla, akafungua mahali pa bobini na kukuta uzi wa chini umekwisha wakati huo huo. Fundi wa pembeni, msichana aliyekuwa bado anajifunza, akamuuliza alisikiaje katika kelele zote hizi. Véronique akautazama mguu wake. Hakuwa amesikia chochote. Goti lilikuwa limemwambia. Cherehani ikishona bila uzi wa chini inatetemeka kwa wepesi fulani, na wepesi huo ulikuwa umepanda kwenye mguu wake.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu ya ziwa lililo chini ya mtaa wao. Aliwasha redio hadi kikomo chake, mpaka jirani akachungulia, akachukua gitaa na kulipiga. Hakulisikia, redio ilikuwa imelimeza. Akaliegemeza kwenye goti, hakuna kitu. Akalikumbatia kifuani, akapata mvumo kidogo. Halafu akainamisha kichwa, akaweka mfupa wa taya juu ya ubavu wa gitaa, kwenye ule ukingo wa mbao, akapiga tena.

Lilikuwa ndani ya kichwa chake. Redio ilipiga kelele zake huko nje kama mtu aliyefungiwa mlango, na humu ndani gitaa lilisema wazi, uzi kwa uzi, hadi ule wa breki wenye sauti ya ukali kidogo. Véronique alipiga nyimbo zote za kikundi, moja baada ya nyingine, huku jirani akiwa bado mlangoni anashangaa.

Jumamosi alikaa mahali pake pa kawaida, akainama, akaweka taya.

"Maman Véro," Mwavita aliuliza, "unabusu gitare ao unalala?"

Hakujibu, maana kinywa kilikuwa na kazi. Wakaanza wimbo wa bibi harusi. Ubeti wa kwanza alijisikia vizuri kabisa, na mipigo yake ilikuwa inaangukia ndani ya ngoma ya Kamali kama mguu ndani ya kiatu chake. Ubeti wa pili, gitaa la Rutayisire likawa mbele kidogo, unene wa uzi tu. Harelimana akamfuata kaka yake. Ubeti wa tatu unene wa uzi ukawa unene wa kidole, Kamali akaiacha ngoma ikimbilie walipo wengi, na Véronique, ambaye hakuwa ameongeza wala kupunguza kitu, akabaki nyuma peke yake.

Akaomba warudie. Wakarudia, ikawa vile vile. Akaomba mara ya tatu, na Rutayisire akaitazama saa yake lakini akakubali. Ilikuwa vile vile tena, na mahali pale pale, mwanzo wa ubeti wa pili.

Véronique akanyanyua kichwa. Shavuni alikuwa na mstari mwekundu wa ukingo wa gitaa. Rutayisire ndiye aliyemfundisha kupiga, miaka mingi nyuma, kabla ya vita, kwenye kwaya. Véronique na Harelimana walikuwa wamejifunza kwake kila kitu, hadi jinsi ya kukohoa kabla ya kuanza. Kumwambia mtu kama huyo jambo kama hili si sawa na kumwambia jirani kwamba mbuzi wake ameingia shambani. Lakini alikuwa amelisikia mara tatu.

"Mwalimu," alisema, "haiko miye njo nachelewa. Ni Mwalimu njo anakimbia."

Harelimana akaanza kukaza uzi ambao haukuwa umelegea.

"Miye," Rutayisire alisema polepole. "Miye mwenye nilikushika kidole, nikakionyesha do iko wapi."

Véronique alisema ndiyo, ni yeye aliyemshika kidole, na ndiyo maana anamwambia yeye na si watu wengine. Rutayisire akalifunga gitaa lake kwenye mfuko bila kukasirika, au bila kuonyesha. Alisema maneno hayo yatakwisha Muganza. Wageni watahukumu. Akibaki nyuma mbele ya wageni, manyanga yatakuwa mkobani, tayari.

Jumanne Kamali alipita kwenye baraza kuleta viatu vya mmoja wa mafundi. Akasimama karibu na cherehani ya Véronique, akaangalia barabara, akasema kwa sauti ya mtu anayenunua vifungo kwamba alilijua jambo hilo tangu zamani. Mwalimu anakimbia. Véronique alimuuliza kwa nini basi humfuata.

"Namufwata mwenye nasikia," Kamali alisema. "Weye, Maman, sikusikiake."

Akaenda zake. Na neno hilo likamuuma Véronique kuliko manyanga. Alikuwa ametumia siku zote hizi kutafuta namna ya kujisikia yeye, wala hakuwaza hata mara moja kwamba wengine pia hawamsikii. Taya lilikuwa limemsaidia yeye peke yake. Tena huwezi kukaa kwenye harusi ya watu umeinamia gitaa kama mgonjwa wa jino.

Akalifikiria jambo hilo siku nzima huku akishona. Magitaa matatu. Mwalimu mmoja. Mikono mitatu inayoshika do mahali pale pale pa shingo na kupiga juu-chini kwa namna ile ile. Ni kama kumimina vikombe vitatu vya maji kwenye sufuria moja, kisha kuuliza kikombe chako kiko wapi. Kupiga kwa nguvu hakungesaidia kitu. Ilibidi lake lisiwe maji.

Ndipo alipowakumbuka wapigaji aliowaona Bukavu, waliolaza penseli juu ya nyuzi, katikati ya shingo ya gitaa, wakaifunga kwa mpira. Penseli inazibana nyuzi zote, gitaa linakuwa fupi, na sauti yake inapanda juu kama ya ndege. Siku zile aliwaona ni watu wa mbwembwe. Sasa alichukua penseli yake nyekundu ya kuchorea vitambaa, akakata mkanda wa tyubu ya baiskeli na kuifunga penseli kwenye pingili ya tano ya shingo. Hapo, ile do ya Mwalimu aliipata kwa kuweka vidole kama anayeshika sol. Wimbo ni ule ule, lakini mkono wa kushoto ilibidi ujifunze upya kila kona, na alikuwa na siku nne. Hakupiga tena nyuzi zote kwa pamoja. Alichagua mbili tatu za juu, akazigusa pale ambapo wengine walikuwa wanavuta pumzi. Asubuhi kabla ya kwenda barazani alipiga, mchana mafundi walipokwenda kula alipiga, na yule msichana anayejifunza akawa anamhesabia kwa mkasi kwenye meza.

Jumamosi ya harusi walishuka Muganza juu ya lori lililokuwa linakwenda kupakia saruji. Joto la bonde la Bugarama liliwapokea njiani, mashamba ya mpunga yakiwa yanang'aa pande zote mbili. Shitingi ya buluu, ya zile zilizobaki tangu wakati wa wakimbizi, ilikuwa imetandazwa juu ya miti uani. Hitimana alikuwa kwenye benchi la mbele na watu wanane wa zamu yake, amevaa shati ambalo Véronique alimshonea mwenyewe. Hakupunga mkono. Alikaa tu wima, kama mtu anayepigwa picha.

Rutayisire aliiona penseli. Alikohoa, akaanza.

Ubeti wa kwanza Véronique alijisikia. Hapo uani, bila ukuta, bila taya, alilisikia gitaa lake likipita juu ya yale mengine mawili, sauti ndogo, nyembamba na safi. Bibi harusi akatokea mlangoni na mashangazi, wakaanza kutembea. Ubeti wa pili Rutayisire akavuta, kama kawaida. Harelimana akavutwa. Véronique akaikumbuka harusi ya Nkungu, na mkono wake wa kulia ulitaka sana kukimbia nao. Hakuuruhusu. Alimgeukia Kamali, akamtazama machoni, akaendelea kuziweka zile sauti mbili tatu mahali pake, moja, nyingine, moja, nyingine.

Kamali alimsikia. Ilionekana usoni. Ngoma ikayumba kidogo, kama mtu anayechagua njia panda, kisha ikabaki na yeye.

Kwa muda kulikuwa na nyimbo mbili uani, na zote mbaya. Mmoja wa watu wa zamu akamwinamia Hitimana na kumuuliza jambo. Mwavita, mwenye kuimba, alikuwa amesimama katikati ya nyimbo hizo mbili na ubeti wa tatu unamngoja. Akavuta pumzi ndefu kuliko kawaida, akauacha mwendo wa Mwalimu upite, akaingia kwenye ngoma. Bibi harusi, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuharakishwa, akaupunguza mwendo na kunyanyua shingo.

Rutayisire akausimamisha mkono wake. Harelimana akasimama pia. Kwa nusu ya ubeti walibaki watatu tu, ngoma, sauti ya Mwavita, na gitaa moja lililofungwa penseli. Véronique hakutazama benchi la mbele. Alitazama miguu ya mashangazi, ikikanyaga ardhi pale pale alipokuwa anagusa nyuzi. Halafu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi, gitaa la Mwalimu likaingia tena chini yao, kwa mwendo wao.

Baada ya bibi harusi kukaa, waliletewa wali na soda nyuma ya nyumba. Hitimana alifika, akasimama mbele ya mkewe na sahani, akasema wenzake wanataka kujua ile penseli ni ya nini, akacheka peke yake na kurudi. Rutayisire alikuwa hajagusa chakula. Alikuwa anauangalia mkono wake wa kulia, anaukunja, anaukunjua.

"Tangu miaka ile ya vita," alisema, bila kumtazama yeyote, "mukono unakimbia yenyewe. Kila wimbo naona kama tuumalize, batu barudie kwabo kabla ya kitu kibaya kufika. Sikujua kama munasikia."

Mwavita alimsogezea chupa ya soda. Kamali, ambaye kwa kawaida hakosi mzaha, alikuwa anakaza kamba ya ngoma.

Walipoitwa kurudi uani kwa ngoma ya wazee, kila mtu akachukua mahali pake. Rutayisire alikaa, akaweka gitaa gotini, na wote wakangoja akohoe. Hakukohoa. Alimwelekea Véronique.

"Anzisha weye," alisema.

Véronique akaisukuma penseli kidogo, ikae sawa. Akahesabu kwa mguu, mara nne, na akaanza.